Tanzia ya Mwalimu Zablon

Wengine wote waliona maandishi. Jescah aliona kamba.

Ilikuwa kamba nyembamba ya katani, ile ya kushonea magunia, imezungushwa mara tatu kwenye kufuli la mlango kisha ikafungwa fundo lenye masikio mawili yaliyosimama kama ya sungura aliyeshtuka. Karatasi ilining'inia chini ya fundo. Jescah, ufunguo mkononi na ndoo ya maji kando ya mguu, aliitazama kamba kwa muda mrefu. Ndipo akasoma.

TANZIA. Kwa huzuni kubwa tunatangaza kifo cha Mwalimu Zablon, kitakachotokea leo katika sehemu ya kumi. Marehemu alikuwa mume wa hayati Nesi Roda, aliyetutoka Jumamosi iliyopita. Ndugu na jamaa, walio karibu na walio mbali, wajiandae. Wenye ugonjwa wa presha wakae karibu na mlango.

Mwalimu Zablon hakuwa mtu wa Kakamega, wala wa mahali popote. Alikuwa mtu wa kwenye runinga, katika mfululizo uitwao Redio ya Marehemu. Mwaka ni 1984. Mwalimu wa shule ya msingi amerithi redio ya mjomba wake, na kila jioni redio hiyo inasoma matangazo ya vifo, ila majina inayoyasoma ni ya watu ambao bado wako hai, wanakunywa uji. Wazee waliipenda picha hiyo kwa sababu ya maziwa ya shule ya pakiti za pembe tatu, pasi za makaa, na betri zilizoanikwa juani ili zirudishe nguvu. Vijana waliipenda kwa sababu ilitisha. Kila Jumamosi saa nane mchana sehemu mpya ilitolewa mtandaoni, na ukumbi wa video wa Barasa, nyuma ya soko, ukawa mali ya wanachama kumi na wanne wa Chama cha Redio. Walikuja kuitazama kwa saa moja na kuibishania kwa saa tatu.

Jescah angekuwa wa kumi na tano, lakini hakuna aliyemhesabu. Yeye alifagia, akachemsha chai, akasimama mlangoni na chupa yake kubwa ya chai tangu sehemu ya kwanza. Alikuwa ameacha shule darasa la sita, na kwa kawaida aliongea maneno kumi kwa siku, sita kati yake yakiwa "sukari ngapi?"

Chama kilikuwa na sheria moja tu: asiseme mtu yatakayotokea. Sasa ilikuwa imevunjwa mara ya pili. Jumamosi iliyopita karatasi kama hii ilitangaza kifo cha Nesi Roda, na watu wakaicheka. Jescah aliikumbuka siku hiyo vizuri. Nesi Roda alikuwa bado anacheka na jirani yake kwenye skrini, na Jescah akipita na chai nusura aimwagie kofia ya mwanachama Mzee Lusweti, iliyokuwa juu ya goti la mzee huyo. Dakika tano baadaye Nesi Roda alianguka jikoni, na waliocheka wakanyamaza.

Hakuigusa karatasi. Alipitisha ufunguo chini yake kwa uangalifu, akafungua, akaanza kufagia.

Barasa alifika saa tano. Mlangoni alikuta watu wanabishana, wengine wakilia kabisa.

"Uliiona saa ngapi?" alimuuliza Jescah.

"Saa moja na nusu."

"Na ukaiacha hapo chama kizima kiisome?"

"Afande husemanga ushahidi hauguswi mpaka yeye afike."

Watu waligeuka kumtazama afande mwenyewe. Nehemiah, mwenyekiti wa chama, alikuwa koplo mstaafu aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja, mingi yake akiinua na kushusha kizuizi cha barabarani. Alikohoa.

"Nimesema hivyo," alikiri. "Lakini nilikuwa nazungumzia ushahidi wa kawaida."

Hali ilikuwa mbaya. Wanachama sita walikuwa wamesema wazi kwamba watahamia ukumbi mwingine kule Lurambi, ambako angalau mtu huuawa mbele yako bila wewe kuambiwa mapema. Na ni nani aliyekuwa wa kwanza mlangoni kila asubuhi? Ni nani mwenye ufunguo?

"Si yeye," Barasa alimtetea. "Tazameni mwandiko huu. Huu ni mwandiko wa mtu aliyemaliza shule. Huyu hata jina lake huliandika kama kuku amepita."

Jescah, ambaye ndiye aliyeandika kwa mkono wake bei zote zilizobandikwa ukutani nyuma ya Barasa, alitazama chini.

"Anaweza kuwa alimwandikisha mtu," alisema Nehemiah, akitoa daftari. "Nitahoji. Saa nane kamili picha inaanza. Kabla ya hapo tumjue mwenye kosa."

Barasa alimvuta Jescah kando. "Unasikia? Picha ikianza hatujamjua mtu, utaweka ufunguo mezani urudi Ekero. Sina njia nyingine. Wakienda Lurambi hawa, mimi nitaonyesha mpira kwa viti."

Huko Ekero kulikuwa na shangazi yake na miwa ya kupalilia. Runinga haikuwako. Jescah alikwenda kuchemsha chai.

Mahojiano yalifanyika stoo, kwenye meza ya kreti mbili za soda. Kila aliyehojiwa alistahili kikombe kimoja, hivyo Jescah aliingia na kutoka, na kwa vile hakuna mtu anayenyamaza mbele ya anayemimina chai, alisikia kila kitu.

Wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe. Alijimiminia kikombe, akakiweka mezani.

"Jina?"

"Afande, unanijua."

"Jina?"

"Jescah."

"Jana jioni kati ya saa kumi na moja na saa moja ulikuwa wapi?"

"Hapa. Ulinituma majani ya chai, nikakuletea, ukasema si hayo, nikarudi."

Nehemiah alikata mstari katika daftari. "Na baada ya hapo?"

"Ulinituma tena."

Alikata mstari wa pili. "Unaweza kwenda. Lakini usitoke mjini."

"Nitatokaje na chai iko motoni?"

Wa pili aliitwa Shantel, msichana wa chuo cha kilimo cha Bukura. Alizaliwa miaka ishirini baada ya redio ya Mwalimu Zablon, lakini kila Jumamosi alivaa gauni la nyanya yake lenye mabega yaliyoinuliwa kwa sponji, na leo alilazimika kupita mlangoni kiubavu. Nehemiah aliweka mezani kipande cha kamba alichokitoa kwenye kufuli, kama mtu anayeweka karata ya mwisho.

"Hii ni nini?"

"Kamba."

"Ya nini?"

"Ya magunia."

"Na wewe unasomea wapi?"

"Bukura."

"Kilimo," alisema Nehemiah, akiegemea nyuma mpaka kiti kikalia. "Kesi imeisha."

"Aki afande! Mimi nasomea ng'ombe! Ng'ombe hashonwi kwa gunia!"

"Simu yako ni kubwa. Unaweza kuwa unaipata picha mapema."

"Haijatoka! Nitaipata wapi kama haijatoka? Na mimi mwenyewe nimeharibiwa. Nilikuwa nimepanga Mwalimu Zablon aoe tena."

"Amuoe nani?"

Mabega ya gauni ndiyo yaliyojibu, kwa kupanda kidogo.

Jescah alikuwa ameinama akimimina. "Afande," alisema, karibu kwa kunong'ona, "mwambie afunge."

"Afunge nini?"

"Kamba. Fundo."

Nehemiah alifikiri kidogo, akaona lile wazo ni lake. "Funga!" aliamuru. Shantel alichukua kamba, akaizungusha kwenye mshikio wa kreti, akafunga kama afungavyo kiatu. Aliivuta. Ikafunguka yote, ikaanguka sakafuni.

"Hujui kufunga?"

"Viatu vyangu ni vya kuchomeka, afande."

Nehemiah alikata mstari mrefu.

Wa tatu alikuwa Mzee Lusweti, mkulima wa mahindi kutoka Chekalini, mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya kahawia iliyokuwa imeona mavuno mengi. Kofia hiyo ilikuwa na desturi yake. Jua au kivuli, nje au ndani ya ukumbi, haikutoka kichwani ila mtu akifa kwenye picha. Hapo mzee aliivua, akaiweka gotini, akakaa hivyo mpaka mwisho kwa heshima ya marehemu.

Mahojiano yake yalikuwa matamu.

"Wewe nakujua," alisema Nehemiah.

"Na mimi nakujua."

"Unakumbuka, Lusweti, vile tulikuwanga tunang'ata betri ikiisha?"

"Kwetu tulikuwa tunaanika. Kung'ata ni watu wa mjini."

"Hakuna nguvu kama ya betri iliyong'atwa!"

Wakabishana juu ya betri kwa dakika kumi. Nehemiah hakuuliza swali hata moja, na kamba ikabaki mfukoni. Mzee alipotoka, Nehemiah aliandika neno moja, Jescah akalisoma juu chini: Msafi.

Saa saba na nusu. Wanachama wengine kumi na mmoja walihojiwa kwa pamoja, wakatoa majina ya watu kumi na mmoja tofauti, mmoja wao akiwa hayati mjomba mwenye redio. Kundi dogo lilianza kusema kwamba labda hakuna aliyeandika. Labda redio imetoka kwenye runinga na sasa inafanya kazi zake hapa Kakamega. Mwanachama mmoja aliomba jina lake lifutwe kwenye orodha, kwa usalama.

Jescah alichukua mandazi yaliyobaki, akayatia kwenye mfuko wa karatasi, akaokota kipande cha kamba pale Nehemiah alipokiacha baada ya kukitoa ili kutafuta kalamu. Mzee Lusweti alikuwa nje, amekaa peke yake kwenye benchi.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mama."

"Nisaidie kufunga. Mikono yangu ina mafuta."

Mzee alipokea bila kufikiri. Vidole vyake vilikunja mdomo wa mfuko, vikazungusha kamba mara tatu, vikavuta, na ghafla juu ya mfuko wa mandazi yakasimama masikio mawili ya sungura.

"Hayo masikio ni ya nini, mzee?"

"Ya kushikia. Gunia bila masikio utalipandishaje kwenye lori?" Kisha akaona alichokifanya. Akautazama mfuko. Akautazama mlango wa ukumbi. Akamtazama Jescah.

"Wengi wanajua kushona magunia," alisema mzee.

"Ni kweli. Lakini Jumamosi iliyopita ulivua kofia Nesi Roda akiwa bado anacheka."

Mzee Lusweti aligusa ukingo wa kofia kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

"Walikuja kwetu mwaka jana," alisema hatimaye. "Watu wa picha. Walipigia ile picha kwenye nyumba ya zamani ya mzungu, pale Chekalini. Wakataka waombolezaji hamsini. Mimi nilienda na kuku wa rambirambi. Wakanirudishia kuku, wakanipa karatasi niweke kidole, ingawa kuandika najua. Kwamba sitasema kwa mdomo wangu yaliyotokea pale mpaka siku yatakapoonyeshwa."

"Kwa mdomo."

"Kwa mdomo. Kalamu hawakuitaja."

"Kwa nini sasa, mzee?"

"Nehemiah." Alishusha sauti. "Mwalimu Zablon alipoibiwa baiskeli, sehemu ya sita, Nehemiah alilala hospitali siku mbili. Baiskeli tu! Sasa leo itakuwaje? Kwetu mtu hamwagiwi habari ya kifo, mama. Anaitwa, anaketishwa, anapewa maji. Anaambiwa fulani hajisikii vizuri. Baadaye anaambiwa amezidiwa. Hii runinga inakutupia maiti ghafla, hata maji hakuna! Nilisema wacha niwaandae watu. Nilianza na Roda ili wazoee."

Jescah aliugeuza ufunguo kiganjani.

"Wanasema ni mimi, mzee. Picha ikianza, narudi Ekero."

Mzee alisimama. Ilionekana wazi hakujua. "Basi naingia niseme sasa hivi."

"Na kidole ulichoweka?"

"Watanikata kwenye picha. Chekalini nzima wanangoja kuniona, hata kasisi. Lakini wacha wanikate."

"Keti, mzee. Mazishi yamo kwenye sehemu ya leo?"

"Yamo."

"Unaonekana?"

Mzee Lusweti alijinyoosha kidogo. "Mimi ndiye niliyelia mbele."

Saa nane kasoro dakika tano Jescah aliweka ufunguo juu ya meza ya Barasa.

"Huu hapa," alisema. "Lakini usinitoe mpaka Mwalimu azikwe. Aliyeandika, mtamwona wote kwa macho yenu."

"Hilo ni tisho au ni ushahidi?" aliuliza Nehemiah.

"Ni maji, afande," alisema Jescah, akimpa bilauri. Kisha akambebea kiti chake, akakiweka karibu na mlango, mahali penye upepo. "Mwalimu hajisikii vizuri leo."

Nehemiah alimtazama sana, lakini alikaa.

Picha ilianza. Dakika ya thelathini redio ilisoma jina la Mwalimu Zablon. Dakika ya arubaini alianguka kwenye njia ya shule, chaki bado mkononi. Ukumbi uliguna kwa sauti moja. Shantel alifunika uso kwa bega la gauni. Wote waligeuka kumtazama mwenyekiti.

Nehemiah alikuwa amefumba macho. Alikunywa maji, taratibu, mpaka yakaisha.

"Nilikuwa nimeambiwa," alisema kwa sauti nyembamba. "Endeleeni."

Yakaja mazishi. Jeneza, maua ya shambani, kwaya, waombolezaji wenye mavazi ya mwaka 1984. Ghafla kutoka upande wa kushoto wa skrini alitokea mtu mrefu, kofia ya kahawia ameishika juu, akilia kwa kinywa kilichojaa ukuta mzima wa Barasa. Alijitupa juu ya jeneza. Wanaume wawili walimvuta, akawashinda. Walipomvuta mara ya pili mmoja wao alionekana wazi akizuia kicheko. Kamera ilijaribu kumkwepa, lakini kila ilipokwenda, mzee naye alikuwako.

"Simamisha hapo!" alifoka Nehemiah.

Barasa alisimamisha. Watu walitazama skrini, kisha wakamtazama Mzee Lusweti aliyekaa safu ya pili, kofia ile ile gotini.

"Nililia vizuri?" aliuliza mzee.

Nehemiah alisimama, akalifunga daftari kwa kishindo. "Kama nilivyoshuku tangu asubuhi."

"Ulinishuku mimi, afande!" Shantel alipiga kelele.

"Nilikuwa nakutumia kama chambo." Kisha akamwendea rafiki yake. "Lusweti. Wenye presha wakae karibu na mlango. Ulikuwa unamaanisha mimi?"

"Baiskeli ilikulaza siku mbili, Nehemiah."

Nehemiah alipiga hesabu ya miaka aliyokuwa na presha na ya watu waliowahi kumwekea kiti karibu na mlango. Alimshika mzee bega. "Siku nyingine nipigie simu," alisema. "Uniambie ni mgonjwa."

Barasa alirudisha ufunguo mkononi mwa Jescah, na kwa kuwa Barasa hakujua kuomba radhi, akamwongezea soda moja ya limau. Akabonyeza picha iendelee. Dakika mbili tu zilibaki, na hakuna aliyezitazama. Ukumbi mzima ulikuwa unamzunguka Mzee Lusweti. Wengine walimtukana, na wengine walitaka kupiga picha naye. Kwenye skrini waombolezaji waliondoka, kamera ikaipita nyumba ya Mwalimu polepole, dirisha, kuta, giza. Barasa alinyoosha mkono kuzima.

"Rudisha nyuma," alisema Jescah.

Hakuna aliyesikia.

"Rudisha nyuma!"

Safari hii hata yeye alishtuka. Barasa alirudisha. Ukingoni mwa dirisha, kwenye jua, betri mbili zilikuwa zimesimama kichwa chini juu ya karatasi ya hesabu yenye miraba.

"Ni nani ameanika betri?" aliuliza Jescah.

Watu walitazama.

"Nesi Roda alikuwa akizilaza. Mjomba alikufa sehemu ya kwanza. Anayezisimamisha kichwa chini, juu ya karatasi ya miraba, ni Mwalimu peke yake. Sehemu ya pili, ya nne na ya saba. Sasa wamemzika, wamerudi nyumbani, na betri ziko juani." "Maiti haaniki betri."

Macho yote yakahamia kwa mtu mmoja aliyekuwako Chekalini siku ile.

"Mimi nina karatasi nyingine nimeweka kidole," alisema Mzee Lusweti haraka. "Msiniulize." Alitazama sakafu. Na taratibu, kama mtu ambaye mkono wake unafanya kazi bila ruhusa, aliichukua kofia gotini akairudisha kichwani.

Kelele zilizozuka zilimleta muuza samaki kutoka sokoni. Shantel alikuwa amepanda juu ya kiti na mabega yake yote. Sita wa Lurambi walisema hawaendi popote. Nehemiah alisukuma watu akapita mpaka mlangoni, akafungua daftari ukurasa mpya, akalamba ncha ya kalamu.

"Wewe," alisema. "Tangu lini unayafuata mambo haya?"

Jescah aliiweka ile chupa kubwa ya chai chini.

"Tangu sehemu ya kwanza, afande. Zote kumi nimetazama nikiwa nimesimama," alisema. "Nataka kiti."